Nilikwenda Kibiti kutafuta shamba, nikarudi na kamba

Msomaji wangu, ngoja niungame mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Kibiti sikwenda kama mwandishi. Nilikwenda kama dalali.

Ilikuwa hivi. Jamaa yangu mmoja wa Kariakoo, mwenye duka la vipuri na tumbo la kutangulia, alinipigia simu Jumapili jioni. "We si uliniambia mama yako kwao Rufiji? Nitafutie ekari 50 kule, karibu na lami. Asilimia kumi yako." Akakata. Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu ya ile asilimia kumi hadi nikafika kwenye ada ya mtoto, kodi ya nyumba na bati za kibanda changu cha Kongowe ambacho kimesimama kwenye linta tangu enzi na enzi. Dili hilo, bwana. Nani anaacha?

Asubuhi nikawa Mbagala Rangi Tatu, nikapanda basi la kwenda Kibiti. Njia nzima ni mabango ya viwanja. Viwanja hapa, viwanja pale, lipa kidogo kidogo. Watu wa Dar tumeshapitiliza Mkuranga sasa tunashuka kusini, na usiombe ukae kiti kimoja na dalali mwenzio, maana nilikaa naye. Alikuwa na bahasha yenye ramani za kuchora kwa mkono. Mimi yangu ilikuwa kichwani.

Mjomba wangu anakaa kijiji kimoja ukitoka Bungu, jina lake nalihifadhi kwa sababu utaziona mbele. Nikamkuta chini ya mkorosho anatengeneza nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mjini wazima?" Kwetu mjomba na mpwawe wote huitana mjomba, usishangae.

Nikampa sukari na majani ya chai, tukala muhogo na dagaa, nikazunguka weee, mwisho nikalitoa. Mjomba ana ekari zake nane za mikorosho na minazi. Nyuma yake kuna msitu, mzuri kweli kweli, bado una mikongo na mininga michache ambayo misumeno haijaifikia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi tu. Nane za mjomba, kumi na kitu za jirani ambaye watoto wake wote wako Dar, halafu msitu ujazie. Ekari 50 hizo hapo.

Mjomba hakukasirika. Alicheka, tena kile kicheko cha kufuta machozi kwa kanzu. Halafu akasimama akasema, "Twende kwa mtendaji. Kamwambie mwenyewe, mimi nataka nisikilize."

MTENDAJI NA KIKOKOTOO

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja, meza moja na kabati la chuma. Mtendaji ni dada wa miaka thelathini hivi. Alinisikiliza mwanzo mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akatoa simu, akafungua kikokotoo.

"Ekari 50 kaka. Gawa kwa mbili nukta nne saba." Akanionyesha. Hekta 20 na ushee. "Umepita."

Nimepita nini? Hapo ndipo nikapewa darasa ambalo mimi, mtu mzima niliyekuwa nikijifanya dalali wa mashamba, sikuwa nalijua. Kwa kanuni za Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kanuni za mwaka 2001, halmashauri ya kijiji mwisho wake wa kugawa ni hekta 20. Ukivuka hapo mpaka 50, lazima halmashauri ya wilaya iseme neno. Ukivuka 50, maombi yanakwenda mpaka kwa Kamishna wa Ardhi kwa ushauri. Na hata hizo hekta 20 si kwamba mwenyekiti na mtendaji wanakaa kwenye kibanda cha supu wanagonga mhuri. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, ndio unaoridhia kwanza.

"Watu wa Dar wote mnakuja na ekari 50," akasema yule dada. "Tukiwaambia imezidi, wiki inayofuata mnarudi na 49."

Nikanywea. Maana na mimi hilo lilikuwa limeshanijia kichwani.

Halafu akafungua kabati, akatoa ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ile ya rangi rangi. Makazi huku, kilimo huku, malisho kidogo, na ule msitu wa nyuma ya kwa mjomba umepakwa kijani: ardhi ya pamoja. Ardhi ikishapitishwa kuwa ya pamoja haigawiwi mtu mmoja, awe mwanakijiji, awe waziri. Kwa hiyo katika zile ekari zangu 50, zaidi ya nusu hazikuwepo sokoni tangu mwanzo. Nilikuwa nauza hewa.

Kuna neno moja alilitumia ambalo nimerudi nalo mjini. Mdhamini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, haisemi kwamba halmashauri ya kijiji ni mwenye ardhi. Inasema iisimamie ardhi ya kijiji kama mdhamini anavyosimamia mali ya watu wengine. Fikiria mirathi. Baba amekufa, watoto wadogo, baba mdogo kapewa usimamizi. Baba mdogo akiiuza nyumba akanunua pikipiki, sote tunamjua anaitwa nani. Basi halmashauri ya kijiji ndiyo huyo baba mdogo, na watoto ni kijiji kizima.

Wenzetu Wamarekani wana vyama vya watu binafsi vya kazi kama hiyo. Kule Massachusetts walianzisha chama chao mwaka 1891, wakachangishana, wakashika mashamba na misitu kwa niaba ya umma, na kipo mpaka leo. Waingereza wakafuata mwaka 1895 na National Trust. Kwao mtu anaweza hata kubaki na shamba lake lakini akaiachia daima haki ya kulijenga, kwa mkataba unaomfunga hata mjukuu wake. Kule tajiri mwenye moyo ndiye anayeianza kazi hiyo. Kwetu kazi hiyo imebebeshwa kijiji, wakiwamo walalahoi wasio hata na nauli ya kwenda wilayani kufuata mhuri. Ndiyo tofauti. Si ndogo.

Kwenye makaratasi sheria hii ni tamu. Lakini mtendaji mwenyewe alikiri kwamba ramani moja kama ile ni kazi ya wapimaji, posho, mafuta ya gari na vikao, na kijiji chao kilibahatika kupata msaada. Kijiji kisicho na ramani, dalali anaingia na maneno tu. Na nakuhakikishia madalali maneno tunayo.

Nikadhani mambo yameishia hapo, nikaulizia basi la kurudi. Mjomba akanishika bega. "Mkutano wa kijiji ni keshokutwa. Ombi lako litasomwa. Kesho nakupeleka delta ukaone kitu."

MAHALI MELI YA VITA ILIPOJIFICHA

Kutoka Bungu unashuka mpaka Nyamisati, ndipo wanapopandia boti watu wa Mafia. Sisi hatukwenda Mafia. Tulipanda boti ya mzee mmoja, rafiki wa mjomba, injini yake inakohoa kama mvuta kiko, tukaingia kwenye mikoko upande wa Salale.

Msomaji, kama hujawahi kuingia delta ya Rufiji, jaribu. Mto unajigawa vidole vidole, kila kidole kina jina lake, na pande zote mbili ni ukuta wa kijani. Hekta kama 53,000 za mikoko, pori kubwa kuliko yote ya mikoko ya mdomo wa mto katika Afrika Mashariki. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humu humu, Waingereza wakahangaika miezi na miezi, mpaka Julai 1915 walipoimaliza kwa msaada wa ndege za kuangalia juu. Meli nzima ya vita, nakwambia. Imefichwa na miti.

Mzee alikuwa akininyooshea upondo mti mmoja mmoja kama mwalimu wa chekechea. Huu mkoko, boriti. Ule mkandaa, fito na mapau. Ule pembeni kabisa unaotangulia majini ni mlilana, unatoa mataruma ya mashua. Mchu huu. Mkomafi ule wenye tunda kama mpira wa watoto. Zamani majahazi yalikuwa yakija kubeba boriti za hapa mpaka Arabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Kwa hiyo Rufiji ndiyo iliyowapimia vyumba watu wasiowahi hata kuisikia.

Tulipofika kwenye mkono mmoja mpana wa mto, mzee akazima injini.

"Hapa," akasema. "Hapa walitaka kuchimba mabwawa ya kamba."

Wengi wenu wasomaji wadogo hamkumbuki hii kasheshe. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilikuja na mradi wa kufuga kamba katika delta: hekta 10,000, dola za Marekani milioni 192. Ulitajwa kuwa ungekuwa mradi mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani. Ajira, fedha za kigeni, maendeleo, ngonjera zote unazijua. Wataalamu waliopitia ripoti ya mazingira kwa ajili ya Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, wakashauri usikubaliwe. Serikali, mwishoni mwa 1997, ikaukubali kwa masharti.

Sasa tatizo la mabwawa ya kamba ni nini hasa? Kamba wa porini anakua kwenye mikoko. Mama anataga baharini, watoto wanaingia ndani ya mikoko kula na kujificha, wakishakuwa wakubwa wanatoka, na huko ndiko mvuvi anakowavua. Ukifyeka makao ya kamba wa bure ili umfuge kamba wa kununuliwa chakula, na maji machafu ya mabwawa ukayarudisha mtoni, umemnyang'anya mvuvi kapu ukampa kibarua. Thailand na Ecuador walishayaona hayo, mikoko ikaondoka kwa maelfu ya hekta. India, Desemba 1996, Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamuru mabwawa ya kamba yaliyomo katika ukanda uliolindwa wa pwani yavunjwe. Yaani tulikuwa tunaingia mlango ambao wenzetu wanatokea.

"Kijijini tuligawanyika," mzee alisema. "Mimi na kaka yangu tumbo moja hatukusalimiana mwaka mzima. Yeye anataka kazi, ana watoto saba. Mimi nasema kazi ya kumlinda kamba wa mtu wakati kamba wangu ninamvua mwenyewe, ya nini?"

Watu wa delta hawakukaa kimya. Chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, kikalipigia kelele jambo hilo magazetini. Wanasheria wa mazingira wa LEAT wakasimama na wanakijiji, na mwaka 1998 suala likafikishwa Mahakama Kuu. Kumbuka hapo hata Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa bado, na hii ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa bado haijatungwa. Walikuwa na nini mkononi? Makaburi ya babu zao, minazi, na mdomo.

Kufikia 2001 mradi ulikuwa umekufa. Ukimuuliza huyu atakwambia ni kesi, yule atakwambia ni ukata. Mimi sitaki kumpa mtu ushindi asio nao. Ninachokijua ni kwamba pale mzee alipozima injini hakuna bwawa. Kulikuwa na korongo mmoja amesimama mguu mmoja, na kina mama wawili ndani ya mtumbwi wanatega kaa.

MIKOKO NI YA NANI?

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani habari tamu ya wanyonge walioshinda. Mzee akaniharibia. Alikunja kona, tukatokea kwenye uwazi mkubwa, mpunga mtupu, na visiki vya mikoko vimesimama katikati kama meno mabovu. Pembeni madungu, zile nyumba za juu ya nguzo ambamo watu wa Rufiji hukaa msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko.

"Na hii nani kaifyeka?" nikauliza.

"Sisi."

Kimya kidogo. Halafu akaeleza. Mafuriko ya mwaka 1978 yalihamisha mkondo mkubwa wa mto, maji mengi matamu yakaja upande wa kaskazini. Penye maji matamu mpunga unakubali, na kusini ambako chumvi iliingia mpunga ukakataa. Watu wakahamia huku na mashoka. Shamba jipya la mikokoni linazaa vizuri miaka michache, kisha magugu na kaa wanalishinda, mtu anasogea mbele kufyeka jingine.

Kisheria mikoko hii si ardhi ya kijiji. Ni hifadhi ya msitu ya serikali tangu enzi za Mjerumani, na leo mwenye funguo ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa hiyo yule mdhamini wa kule Bungu, huku hana ramani ya rangi rangi. Anachoweza kupata ni makubaliano ya kusimamia kwa pamoja na serikali. Yaani anaitwa mlinzi, lakini duka si lake. Hapo mwanzoni mwa muongo wa 2010 palitokea mvutano mkubwa wa kutaka kuwaondoa wakulima wa mpunga mikokoni. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani waliandika kwamba biashara ya hewa ukaa ingetumika kama fimbo ya kuwafukuzia watu, WWF ikawajia juu ikikanusha. Walirushiana maneno kwenye majarida ya kisomi huko, wakati mtu wa dungu anajiuliza msimu ujao alime wapi.

Mimi nasema hivi, na unaweza kunipinga. Yule mkulima na shoka lake nimemhesabia kosa. Lakini mwaka 1998 serikali ilikuwa tayari kutoa hekta 10,000 kwa kampuni moja. Ukimwambia huyu mwenye robo hekta kwamba mikoko ni mitakatifu, atakuangalia tu.

Na si kwamba hakuna aliyejaribu njia ya katikati. Kati ya 1998 na 2003 ulikuwepo mradi wa IUCN hapa Rufiji, REMP kwa kifupi, ulioshika vijiji vichache vya mfano. Kule Mtanza-Msona, juu mtoni, wanakijiji wakaandaa mpango wao wa mazingira na sheria ndogo za msitu wao. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Vikundi vya kulinda mwambao, BMU, vikaundwa, na baadhi ya vijiji vimeungana kusimamia maji yao ya uvuvi pamoja. Wengine wanafanya kazi, wengine wamebakiza mhuri tu.

Kwa majirani zetu Kenya, pale Gazi kusini ya Mombasa, kijiji kinauza hewa ukaa ya mikoko tangu 2013. Mradi wanauita Mikoko Pamoja. Hekta 117 tu, lakini pesa zikaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni, na Vanga nao wakafuata na hekta 460. Nikamsimulia mzee. Akasikiliza, akatema mate majini.

"Hao hewa wanauziwa na mikoko ya nani?"

Nikamwambia kule nako msitu ni wa serikali, ila walitia saini makubaliano.

"Basi na sisi watuletee hiyo saini," akasema, akavuta kamba ya injini.

DARAJA LILIPOFUNGUKA

Usiku mjomba hakulala mapema. Alinisimulia kilichowafanya waipake ile sehemu ya kijani kwenye ramani. Ni daraja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kila mtu alishangilia, yeye akiwamo. Kabla yake mvua zikinyesha unaweza kukaa kivukoni mpaka ukaoza. Lakini daraja likifunguliwa halichagui nani avuke. Malori ya magogo nayo yalivuka. Miaka ile ya 2003 mpaka 2005 mininga, mikongo na mipingo ya kusini ilikwenda bandarini usiku na mchana. Shirika la TRAFFIC likatoa ripoti mwaka 2007 ikieleza jinsi fedha nyingi za serikali zilivyopotea, na jinsi mwanakijiji alivyopata makombo ya makombo kwa gogo lililouzwa bei mbaya ng'ambo.

"Mimi niliuza mninga mmoja," mjomba alisema. "Nikanunua redio. Redio imekufa."

Ng'ambo ya mto, Kilwa, wenzao walijifunza upesi zaidi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kisheria, na kikishautenga, mapato ya mti unaovunwa humo ni ya kijiji. Kikole na Kisangi, wakisaidiwa na watu wa mradi wa mpingo, MCDI, mwaka 2009 walipata cheti cha FSC, cheti cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili wa wanakijiji. Mti ule ule uliokuwa ukitoka kwa bei ya soda ukaanza kutoka kwa risiti. Habari hizo zilivuka mto. Na zilivuka kwa daraja lile lile.

MKUTANO

Siku ya mkutano nilivaa shati jeupe. Makosa. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe, wanawake upande mmoja wanaume upande mmoja, labda mia mbili hivi, na mimi nimewekewa kiti cha plastiki mbele kama bwana harusi.

Mtendaji akasoma ombi. Ekari 50, mwombaji mkazi wa Dar es Salaam, mwakilishi wake ni huyu mpwa wa fulani. Minong'ono. Mjomba akaangalia miguu yake.

Kijana mmoja akasimama wa kwanza, tena kwa nguvu. Alisema yeye hana shamba, baba yake alishagawa lote kwa watoto wa mke mkubwa, na kwamba kila tajiri akija wazee wanasema hapana halafu vijana wanakwenda kuendesha bodaboda Mbagala. "Msitu huo mnamtunzia nani kama mimi siupati?" Watu wakaguna, lakini hakuna aliyemwambia kaa chini. Ni kweli tupu alisema, na nikajisikia vibaya kwamba kweli ile ilikuwa inanisaidia mimi.

Kisha bibi mmoja mwembamba, kanga mbili, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi nauliza kitu kidogo. Huyo tajiri wako atalima nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Sikuwahi kumuuliza! Nikaomba udhuru, nikasogea nyuma ya mwembe, nikapiga simu Kariakoo.

"Alime?" jamaa akacheka. "Nani alime? Naikalia tu. Miaka mitano bei inapanda, nasukuma."

Nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki. Ningeweza kusema ufuta. Ningeweza kusema machungwa, umwagiliaji, ajira hamsini. Maneno yalikuwepo. Lakini mjomba alikuwa ameshainua macho ananitazama, na ana macho ya mama yangu yule.

"Halimi," nikasema. "Anasubiri bei."

Wakacheka wote, hata yule kijana. Bibi akakaa, akajifunga kanga vizuri, akasema kumwambia mwenzie lakini sote tukasikia: "Kusubiri hata sisi tunajua."

Ombi likakataliwa kwa mikono. Palepale yule kijana akasimama tena: basi kama hamuuzi, ile ardhi ya akiba iliyobaki pembeni ya barabara tugawiwe vijana, na hati za kimila tupewe. Mzozo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Mwenyekiti akapanga kikao kingine. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana nani ahesabiwe kijana. Kuna mmoja ana mvi anadai na yeye yumo.

Njiani kuelekea barabarani mjomba akanionyesha alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba moja bondeni. Mafuriko ya Aprili 2024. Yalichukua mashamba ya watu Rufiji na Kibiti, na waliopoteza mpunga walipanda huku juu kuomba pa kulima muhogo wa kuanzia maisha. Walipewa kwenye ile ile ardhi ya akiba. "Ungekuwa umeshainunua wewe," mjomba akasema, "wangelima kwenye duka la vipuri."

Mambo ya mto huu yenyewe hayajatulia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na wazee waliozoea kulima mlau, yaani kupanda kwenye tope la mafuriko yanapopungua, sasa wanasoma upya mto waliousoma tangu utotoni. Hiyo nitaiandika siku nyingine, ikinijia pumzi.

Mjomba alinifungia kilo mbili za kamba wakavu kwenye gazeti, bahati mbaya gazeti lenyewe lilikuwa hili. Jamaa wa Kariakoo nilimpitia jioni ileile kumweleza. Hakunilaumu sana. Alinusa mfuko, akaniuliza kamba bei gani, nikamwambia hawauzwi. Akatoa simu mfukoni akaanza kumtafuta mtu mwingine, mwenyeji wa Mkuranga.